Tumerudi Wete kutoka Kigoma kwa kundi. Safari ijayo twende vipi?

BintiJadida (Wete)

Assalaam alaykum jamaa.

Kikundi chetu cha ushirika hapa Wete kimerudi kutoka bara wiki iliyopita. Si safari ya Kariakoo ya kufata mzigo na kurudi. Tumeivuka nchi, kutoka baharini mpaka ziwani, na tukarudi kwa njia nyengine. Kwenda: boti ya Mkoani mpaka Unguja, Unguja mpaka Dar, treni ya umeme (SGR) mpaka Dodoma, hapo tukapanda Coaster ya kukodi: Manyoni, Itigi, Tabora, Malagarasi, Uvinza, Kigoma. Kurudi: Kasulu, Kibondo, Geita, lile daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, Mwanza, Singida, Arusha, Moshi, Tanga, halafu bahari tena mpaka Pemba. Wengi wetu ni kina mama wa mwani, tumeshakuwa mabibi, na pesa tumezichanga kidogo kidogo tangu mwaka juzi. Mimi ndiye mshika fedha, kwa hiyo kila nikienda sokoni naulizwa mimi: "Bara vipi?" Nimejibu "nzuri" mpaka nimechoka nayo.

Suali langu liko chini kabisa, lakini wacheni nihadithie kwanza.

Treni haina hadithi. Inafika kilomita 160 kwa saa, chai haimwagiki, na kabla hatujamaliza kugawana mikate ya ajemi tunasikia Morogoro. Wajerumani walianza reli ile ya zamani Dar mwaka 1905 wakafika Kigoma mwaka 1914. Mwenzangu mmoja akasema basi hao ndio walioiona nchi. Nikamwambia walioiona ni wale waliobebeshwa vyuma.

Chakula tulichukua chetu. Msinicheke. Mchele, bizari, ndimu, gunia la nazi na mbuzi ya kukunia. Jiko la gesi tulilinunua Dodoma. Kamati ilisema watu wana presha, wana sukari, chakula cha njiani hakijulikani kilivyopikwa, na kujipikia ni rahisi. Yote kweli. Basi Itigi tumekaa kivulini pembeni ya barabara tunakuna nazi, na watoto wa pale wamekuja kutuzunguka kumtizama mama aliyekaa juu ya mbuzi. Mmoja wao alikuwa na sinia la karanga kichwani. Hatukununua, tulikuwa na kashata zetu. Tabora tumepita bila ya kuonja asali, na nasikia ndiyo asali yenyewe. Manyoni sikumwamkia mtu ila yule kijana wa kituo cha mafuta.

Kigoma ndiko kulikonizindua. Siku ile ilikuwa Alkhamisi na wengine wetu walikuwa wamefunga sunna. Saa 12 na dakika kama 20 za jioni, mmoja akapiga simu Wete, akaambiwa wameshaadhini, wanakunywa uji. Sisi jua letu bado liko juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, halina hata haraka. Lilizama saa 1 imeshapita. Ukitizama ramani, Wete na Kigoma ziko karibu mstari mmoja, hatukwenda kaskazini wala kusini, tumekwenda magharibi tu: digrii 10, na kila digrii moja jua linachelewa dakika 4. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, na tumbo la mfungaji haliijui. Waliofunga walifuturu na Kigoma, kama inavyotakiwa, lakini zile dakika 40 walizikaa wakimtizama mshale wa saa kwa jicho baya.

Halafu lile ziwa. Mwenzetu ambaye amelima mwani tangu ujana wake alisimama ufukweni akamuuliza kijana wa pale, "Mwanangu, haya yanakupwa saa ngapi?" Kijana akacheka, akasema, "Mama, haya hayaendi popote." Sisi maisha yetu yote yanakwenda kwa bamvua, yale maji makubwa, na maji mafu, yale madogo, hata harusi tunaiangalia isigongane na bamvua, na hawa wana maji marefu kilomita zaidi ya 600, Pemba kumi ukizipanga mkia kwa kichwa, na kina chake kinafika mita 1,470, na hayakupwi wala hayajai. Tukachota tukaonja. Tamu. Sabuni inatoa povu mpaka unaona haya.

Sasa Ujiji. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Tulikwenda pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, kuna miembe na jumba la makumbusho. Muongozaji akatuhadithia habari ya mwaka 1871, Stanley alivyomkuta Livingstone, hadithi tuliyosoma skuli. Akasema wote wawili safari zao walizianzia Unguja. Tukafurahi, tukapiga picha. Halafu akaendelea, bila ya kupandisha sauti, kuhusu njia ya misafara, Ujiji mpaka Tabora mpaka Bagamoyo, pembe na watu, na kwamba wengine katika wale watu waliishia visiwani kwenye mashamba ya karafuu. Alisema "visiwani" akatutizama kwa adabu tu, hakuwa na ubaya. Sisi ni watu wa Wete. Karafuu ndizo zilizotulea. Hapana aliyesema kitu, na mwenye simu akaendelea kupiga picha mwembe.

Kati yetu kuna bibi mmoja ambaye nyanya yake alikuwa akisema asili yao ni Wamanyema, watu wa upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa. Hilo kwetu halizungumzwi barazani, mnajua. Na Ujiji Wamanyema ni wengi, ndio wenye mji. Pale nje palikuwa na mama mtu mzima anauza mawese kwa chupa. Wakaamkiana, wakaanza: kwenu wapi, nani kamzaa nani, ngoma gani zinachezwa harusini. Nikawaona wamekaa chini kabisa, yule wa mawese anahesabu majina kwa vidole na bibi yetu anamsimamisha kila mara, "Hebu lirudie hilo."

Honi ikalia. Ratiba ilisema saa 7 soko la samaki Kigoma, na kiongozi wa safari alikuwa na karatasi yake mkononi. Ikalia tena. Bibi akanyanyuka, akanunua chupa mbili, akapanda gari. Hakulalamika. Siku ya pili tunaondoka Kasulu ndipo akaniambia kwamba yule mwenzake alikuwa hajamaliza majina.

Suali lenyewe: kuna pesa zimebaki, na kamati inataka mwakani twende Mbeya, Kyela mpaka Ziwa Nyasa, kwa mtindo ule ule, gari moja, chungu kimoja, ratiba moja. Mimi nikikumbuka safari hii, yote ninayoyakumbuka yametokea pale kundi lilipolegea kidogo. Mliowahi kwenda kwa kundi, mnafanyaje mtu aione nchi asirudi amewaona wenzake tu? Au niwaambie zile pesa tugawane, kila mtu aende atakako?

MwalimuMstaafu_Malindi (Unguja)

Wa alaykum salaam bibi. Umeandika vizuri, lakini hapo pa kugawana pesa sikubaliani nawe hata kidogo.

Ukigawa zile pesa, nani atakwenda? Atakwenda kijana mwenye miguu. Yule bibi wa Kimanyema hatakwenda, pesa zake zitaingia kwenye bati la mjukuu. Mimi nina sukari. Nilikwenda Kilwa na walimu wenzangu wastaafu, tukavuka mpaka Kilwa Kisiwani kuuona ule msikiti mkubwa wa mawe, na usiku wa pili nikashuka sukari. Aliyeniona ni mwenzangu tuliyelala chumba kimoja, na anajua dawa zangu ziko mkoba gani. Ningekuwa peke yangu katika nyumba ya wageni nisiyoijua mtu, leo nisingekuwa nabishana nawe. Na wako kina mama ambao waume zao au watoto wao wamewaruhusu kwa sababu ni kundi, wanamjua kiongozi, wanaijua nambari ya gari. Hilo msilidharau.

Mimi naona ubaya uko kwenye hiyo orodha uliyoiandika hapo juu. Miji mingapi hiyo? Mmetaka kuimaliza ramani. Mngekaa Ujiji siku tatu, mkaiacha Arusha na Moshi (mlima mngeuona siku nyengine, na mara nyingi umejifunika mawingu), bibi angeyamaliza majina yake na kundi lingebaki kundi.

Na kuhusu yale aliyoyasema muongozaji. Nimesomesha historia miaka mingi. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria hapa visiwani mwaka 1897, si zamani kiasi hicho. Babu yangu mimi alizaliwa karibu na hapo. Watoto darasani walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, na wao walikwenda wapi baada ya hapo?" Nikiwaambia hawakwenda popote, wako hapa, darasa zima linageuka kutizamana. Kwa hiyo huyo bibi yenu msimuonee huruma. Yeye ndiye aliyekwenda safari kwa kazi maalumu.

Kijana_wa_Darajani

Swali dogo tu mama zangu, mbuzi ya kukunia mliipitishaje stesheni ya SGR?

BintiJadida

Iliingia kwenye mashine ya ukaguzi, askari akaitizama kwenye kioo, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita bosi. Bosi alikuwa mtu wa Tanga, akacheka, akaturuhusu. Alisema tuifunge kitambaa lile jino lisije likachana mizigo ya watu.

Mudi_wa_Ole (Tabora)

Salaam kutoka Tabora. Mimi ni mtu wa Ole, nna duka la vitambaa hapa tangu ujana wangu. Dada, nimesoma kwamba mmepita Tabora na hamkushuka, nikaumia kidogo, wallahi.

Nikwambieni inavyoonekana kwa upande wetu tulioko huku. Makundi kutoka nyumbani yanapita, na mara nyengine tunapata habari, mtu anapiga simu, "Kuna ndugu wanakuja, wanatafuta pa kuswali na pa kupika." Tunafurahi. Wake zetu wanafagia uani. Wanakuja, wanapika wenyewe vyakula vyao, wanatuachia halua na karafuu kidogo, wanaondoka alfajiri. Mke wangu ni Mnyamwezi. Siku moja alipika ugali na mlenda na kuku wa kienyeji kwa ajili ya wageni kutoka Pemba, na wageni wakasema samahani, sisi tumeshakula wali garini. Hakusema kitu. Lakini kundi jengine lilipokuja alinunua mikate tu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Gari liwe moja, hilo mwalimu amesema kweli. Lakini mkifika mji ambao kuna watu wetu, na mji usiokuwa na duka la Mpemba mimi bado sijauona, mgawane nyumba, watatu watatu. Kila watatu wale kinachopikwa nyumba ile, na mmoja kati yao awe anajua dawa za wenzake. Mlale siku mbili. Mbuzi iacheni Wete, huku wako wenye miguu minne.

Na asali msinunue ya barabarani bila ya kuuliza. Itafuteni ya miombo, mtu wa hapa atakuonjesheni kwanza.

Nahodha_Kojani

Mimi si mtu wa kuandika sana. Sisi Kojani safari ya kundi tumeizoea, tunakwenda dago, kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Tanga, Pangani, Kilwa, mpaka upande wa Kenya. Watu wengi, chombo kimoja, chungu kimoja, na kila mtu ana kazi yake. Nimelala fukwe nyingi sana za bara. Lakini mkiniuliza mji wa Pangani ukoje nyuma ya ule ufukwe, sijui. Nimekwenda mara nyingi na sijui. Kwa hiyo dada anasema kweli, ila anayekwenda dago hakufuata kuona, amefuata samaki. Nyinyi mlifuata nini? Hilo kamati ilizungumze kabla ya kukodi gari.

Nna suali langu pia. Nasikia Ziwa Tanganyika tangu mwaka 2024 wanalifunga miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wazae. Nyinyi mlifika limeshafunguliwa? Watu wa kule wanasemaje? Kwetu Kisiwa Panza wamefunga miamba kwa ajili ya pweza, na wakifungua wanapata wakubwa, lakini mwamba mmoja ni kitu chengine na ziwa zima ni kitu chengine. Mwenye watoto atakula nini miezi mitatu?

BintiJadida

Ahsanteni sana nyote.

Nahodha, tulifika mwisho wa Agosti, limefunguliwa karibuni. Soko la samaki lile ambalo honi ilitupigia lilikuwa limejaa migebuka na dagaa, hilo siwezi kulikana. Nilizungumza na mama mmoja anayeanika dagaa. Alisema miezi ile ya kufungwa aliuza vitumbua na mwanawe alikwenda kulima Kasulu. Nilimuuliza kama ameona tofauti baada ya kufunguliwa, akasema dagaa ni wengi ila bei imeanguka kwa sababu wote wametoka siku moja kuvua. Nilimwambia mwani wetu nao ndivyo unavyotufanyia. Jengine litakalokufurahisha: wanavua dagaa usiku kwa taa kama nyinyi, na mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika kama nyinyi. Bahari hawaijui na wewe ziwa hulijui, na mwezi mnaufata sawasawa.

Mwalimu, nimekufahamu. Suala la kugawana pesa nimelifuta kwenye daftari. Ila kiongozi wetu ataniuliza, tukikaa siku tatu mahali pamoja, wale ambao hawana nyanya wa Kimanyema watafanya nini? Na nadhani jawabu lake liko kwa Mudi, kila mtu atapelekwa na nyumba aliyofikia. Mwenye kupenda soko ataona soko, mwenye kupenda kulala atalala.

Mudi, mke wako mpe salamu nyingi na umwambie mlenda tutakula. Kwenye kamati nitasema tuiache Kyela kwanza, turudi huko huko kwa njia fupi, Tabora na Ujiji peke yake. Bibi yetu nimeshamuuliza. Aliniuliza kama atakuwepo yule yule wa mawese, nikamwambia sijui, akasema basi ataanza kwa kuulizia pale pale kwenye mwembe. Nambari ya simu hawakupeana, honi haikuwapa nafasi.

Niambie tu, ni mwezi gani mzuri wa kuja? Mwani tunaweza kuupanga, ila karafuu hazingoji mtu.

MwalimuMstaafu_Malindi

Na mimi nitie jina langu, nauli nitalipa mwenyewe. Lakini hayo mawese mmeyafanyaje? Mimi nimeletewa chupa na mwanafunzi wangu, iko kabatini, inanitizama.

BintiJadida

Ukaribishwe mwalimu. Pikia mchicha au maharage, tia kidogo tu, usiyaunguze. Mara ya kwanza harufu itakushangaza, na sufuria itabakia na rangi siku mbili. Usivae nguo nyeupe.

Mudi_wa_Ole

Maembe ya Tabora yanaiva Novemba na Disemba, na ndipo mvua nayo inapoanza. Barabara kuu ni lami, hamtakwama, lakini vichochoroni mtatia matope mpaka magotini. Juni na Julai ni pakavu, usiku ni baridi, mje na makoti, na embe hamtaona hata moja. Chagueni, mnijulishe mapema niwaambie wenye nyumba.